Hodi Katika Kila Mlango

Kwako mdogo wangu Kijiti,

Pokea salamu zangu, ambazo ni nyingi kuliko uvivu wako wa kujibu barua. Natumaini zinakukuta mzima, unakula vizuri, na kile kikohozi ulichomwambia Mama kimekuachia kifua. Sisi huku hatujambo wote. Mama yuko imara, goti tu ndilo linamsumbua, naye analisumbua goti kwa kukataa kukaa chini. Shemeji yako anakusalimu sana. Mpwa wako ametimiza miaka miwili na miezi mitatu, anaongea kama redio, na anaijua picha yako iliyo kabatini. Ukimwuliza huyu nani, anajibu Mjomba, halafu anaibusu mpaka kioo kinabaki na mate. Baba naye hajambo, na habari zake nitakueleza kwa urefu, maana ndizo zilizonikalisha kitako kuandika.

Ningeweza kupiga simu. Lakini simu unaikata kila nikimtaja Baba, na barua haina kitufe cha kukatia. Unaweza kuichana, hilo ni kweli, ila nakujua: hata ukiichana utaviokota vipande uviunganishe mezani, kwa sababu udadisi ni ugonjwa wa ukoo wetu. Basi isome tu nzima, tena ukiwa umekaa.

Karakana yangu imekua. Kile chumba cha zamani, ambacho kochi la watu watatu lilikuwa haliingii mpaka tulilaze ubavu kama mgonjwa, nimekihama. Sasa nina sehemu yenye mlango mpana, meza ndefu ya kukatia vitambaa, cherehani mbili, na mama mmoja wa kushona ambaye ana mkono mzuri na mdomo mbaya. Watu wanaleta makochi yaliyochoka, mbao zinacheza, springi zinawachoma makalio, nami nayavua, nayakaza, nayavisha upya. Sipendi kujisifu, ila mwaka huu hakuna kochi hata moja lililorudishwa kwangu kwa lawama. Haya, nimejisifu.

Baba anafanya kazi kwangu, huu ni mwaka wa pili. Yeye ndiye mbomoaji. Kochi likiingia, anakaa mbele yake kwenye kigoda chake na koleo mkononi, anang'oa misumari, anaondoa kitambaa kwa uangalifu ili tupate kipimo, anatenga springi nzima na mbovu. Vitu anavyovikuta ndani anaviweka kwenye kopo na kumrudishia mwenyewe: vitana, vijiko, vifungo, funguo za milango ambayo ilishabadilishwa vitasa. Mwezi uliopita alikuta meno ya bandia. Mwenye kochi, mama mjane, aliyatazama akacheka mpaka akalia, kwa sababu marehemu mumewe alimtuhumu miaka minne kwamba ameyatupa.

Hadi leo sina ile mashine ya kupigia pini, ambayo kila fundi makochi wa siku hizi anayo. Nilijaribu siku moja kuazima. Nilipiga pini nne tu, ta-ta-ta-ta, nikageuka nikamkuta Baba amelala kifudifudi nyuma ya kochi, mikono kichwani. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaniambia kwamba mashine ni nzuri na niendelee. Niliirudisha kabla ya saa sita. Tangu siku hiyo tunapiga misumari midogo kwa nyundo, mmoja mmoja, na Baba akiona nyundo inainuliwa anajua kinachokuja. Kazi inachukua muda, lakini wateja wameipenda, wanaambizana kwamba kwa yule dada wanapiga kwa mkono kama mafundi wa zamani. Mimi nainamisha kichwa kwa unyenyekevu na kupokea sifa.

Sasa nivumilie nikurudishe nyuma kidogo, kwenye mambo unayoyajua, kwa sababu nataka tuyatazame pamoja. Baba aliporudi kutoka vitani mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, wewe kumi. Alikuwa dereva wa malori ya jeshi, na lori lililomtangulia lilikuwa limelipuka na rafiki yake akiwa ndani. Sisi hatukuyajua hayo. Tulimkagua pale mlangoni, tukahesabu mikono miwili, miguu miwili, macho mawili, tukashangilia kwamba amerudi mzima. Siku ya tatu ulimgusa bega kwa nyuma akiwa anakunywa chai, na kikombe kikaenda kupasukia ukutani.

Ndani ya wiki moja Mama alikuwa mkuu wa kikosi, na amri zake zikatoka. Hakuna kuburuta viti. Hakuna kupasua mifuko ya karatasi. Baba akilala haguswi. Unasimama upande wa miguu, unamwita taratibu mpaka afumbue macho. Na amri kubwa kuliko zote: hodi katika kila mlango, hata wa jikoni, hata kama umetoka humo dakika moja iliyopita, na huingii mpaka aliye ndani aseme karibu. Wageni walitushangaa, watu wa nyumba moja tunabishiana hodi kutwa nzima kama majirani waliogombana. Sisi tulizoea. Wewe ulizoea zaidi ya wote, mpaka siku ile ukapiga hodi kwenye choo cha shule ukasimama unasubiri ukaribishwe, kengele ikalia, na choo kilikuwa kitupu.

Nami kazi yangu katika nyumba ile ilikuwa kuwachekesha. Nilimwiga mwalimu mkuu, nikamwiga Mama akitoa amri, nikamwiga Baba na ile sauti yake nzito inayotokea tumboni, naye Baba alicheka mpaka akapaliwa. Mama alikuwa akisema kwamba akiwa amegeuka hawezi kujua ni Baba anayeongea au ni mimi. Nilivimba kichwa kwa sifa hiyo.

Nirudi sasa kwenye habari za leo. Tangu mwaka jana, kila Alhamisi alasiri, Baba anakwenda kwenye chumba kimoja nyuma ya zahanati, ambako askari wa zamani wanakutana na nesi mstaafu aliyewahi kuwauguza majeruhi. Siku ya kwanza yule nesi alipanga viti duara. Wazee wakaingia, kila mmoja akanyanyua kiti chake akakisogeza mpaka ukutani, kwa kuwa hakuna aliyekubali kukaa na mgongo mtupu. Mpaka leo wanakaa hivyo, wameambaa kuta nne, na katikati pamebaki wazi kama ukumbi wa dansi unaosubiri bendi. Nesi anasema yeye hana neno, ilimradi wanasikizana.

Na mkutano ule umemsaidia, usibishe. Analala mpaka asubuhi. Anakwenda sokoni siku ya msongamano na kurudi na vitu vyote alivyotumwa, jambo ambalo hata kabla ya vita lilimshinda. Miezi miwili iliyopita tairi la lori lilipasuka mbele ya karakana. Aliweka koleo chini, akatetemeka, akaomba maji, akanywa, akaendelea na misumari yake. Nilitaka kumpigia makofi, nikakumbuka kwamba makofi nayo hayapendi.

Lilibaki jambo moja tu ambalo halikubadilika. Tangu mpwa wako azaliwe, Baba hakuwahi kumpakata. Alimwangalia akiwa mlangoni. Alimtengenezea wanasesere kwa mabaki ya vitambaa. Lakini ukimpa mtoto alirudi nyuma na kusema mikono yake michafu, na Mama akitoka akawaacha wawili hao peke yao, Baba naye alitoka. Siku moja nilirudi nikamkuta amesimama nje kwenye mvua, amelowa chapachapa, anamwimbia mtoto kupitia dirishani, na mtoto ndani analia akitaka kubebwa. Nilikasirika, Kijiti. Niliwaza kwamba hamtaki kwa kuwa ni wa kike, au kwamba hakuwahi kumpenda mume wangu. Nilimwambia Mama maneno ambayo sasa naona haya kuyarudia.

Wiki tatu zilizopita nesi aliwaalika watu wa familia. Mama goti lilikuwa limekataa, nikaenda mimi. Nilikaa kwenye kiti cha ukutani kama wenzangu, mkoba magotini. Wazee walizungumza kwa zamu, na zamu ya Baba ilipofika aliongea huku akitazama sakafu. Alisema kwamba kelele sasa anaziweza, na ndoto mbaya anajua kuzisubiri zipite. Kinachomshinda ni kitu kimoja. Alisema kwamba mchana mmoja alimkaribisha mwanawe wa kiume chumbani, na mtoto alipoingia alimrukia na kumvunja mkono. Kule kumvunja anakukumbuka vizuri sana. Kule kumkaribisha hakukumbuki hata kidogo. Lakini mtoto aliapa kwamba alikaribishwa, na mtoto yule, alisema Baba, hakuwa mwongo hata siku moja. Kwa hiyo yeye anajua kwamba mdomo wake unaweza kumwita mtu na mikono yake ikamdhuru, na mwenyewe asiwe na habari. Akasema mtu wa namna hiyo haachiwi mtoto mdogo, na kwa sababu hiyo hajawahi kumshika mjukuu wake.

Wenzake walitikisa vichwa. Nesi alimwambia pole. Mimi niliufunga na kuufungua mkoba wangu mpaka mkutano ukaisha.

Kijiti, kama unakunywa chai, iweke chini. Baba hakukukaribisha. Hakuwahi kusema neno lile, si akiwa macho wala usingizini. Nililisema mimi.

Mchana ule nilikuwa chumbani kwangu napiga pasi. Nusu saa kabla yake nilimwona Baba akitoka na baiskeli, nikajua hayupo. Sikujua kwamba tairi liliishiwa upepo njiani, akarudi kwa mlango wa nyuma, akajilaza. Wewe ukaja kutafuta koleo lake. Nilikusikia koridoni ukipiga hodi mlangoni kwake, na nikajua utasimama pale mpaka jioni, kwa vile ulivyokuwa mtiifu. Nikaona hapa pana kichekesho. Nikaweka mdomo kwenye upenyo wa ule ukuta wa mbao kati ya chumba changu na cha Baba, nikasema kwa sauti yake, kutoka tumboni, "Karibu, ingia." Nilitaka uingie kwa adabu zako zote, ukute kitanda kitupu, utoke umetoa macho, nikucheke. Nadhani wewe ulipokuwa unafungua mlango, yeye alikuwa anashtuka usingizini kwa sauti ile ile, hajui yuko wapi, na mtu ameshaingia. Yaliyofuata uliyapata mwilini mwako, sina haja ya kukuandikia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sikuwa mtoto. Njiani kwenda hospitali nilijiambia nitasema tukifika. Tulipofika nilijiambia nitasema mkono ukishafungwa plasta. Halafu nikakusikia ukiwaambia kwamba Baba alikukaribisha mwenyewe, na Mama akakukaripia kwamba umeingia bila hodi na sasa unamsingizia baba yako mgonjwa. Ulinitazama. Ulijua nilikuwa nyumbani, ulitaka niseme kwamba nilikusikia. Nami nikatazama dirishani. Baba aliitazama mikono yake akasema labda alisema, hakumbuki. Pale pale ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Sikufungua, na kila siku iliyopita ikaufanya mdomo kuwa mzito zaidi. Mwaka uliofuata ukaondoka na mfuko mmoja, na mimi ndiye niliyekusindikiza kituoni na kukuambia eti umsamehe. Huo ndio uso wa dada yako, mkavu namna hiyo.

Baada ya mkutano sikulala vizuri, na kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua karakana, nilimwambia Baba yote. Alikuwa kwenye kigoda chake, kochi la kijani mbele yake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniomba niliseme tena lile neno, kama nilivyolisema siku ile. Nikamwambia siwezi. Akasema ninaweza, na kwamba ananiomba. Basi nikageukia ukutani, nikasema kwa sauti yake, "Karibu, ingia." Aliweka koleo chini. Halafu akasema, "Kumbe sikusema." Akarudia tena, taratibu, "Kumbe sikusema." Akavua ovaroli, akaitundika, akatoka.

Usifikiri alinikumbatia. Kwa siku sita hakuongea nami isipokuwa kuniomba nyundo au kuniambia springi hii haifai. Mama ndiye aliyeongea. Alianza kunisema alfajiri na mpaka chakula cha jioni alikuwa hajamaliza, kisha akajifungia chumbani, na nilimsikia akilitaja jina lako na kulia. Yote nimeyapokea. Sikujitetea, na usinitetee wewe pia kwa wema wako.

Siku ya saba, iliyokuwa Alhamisi, Baba alikwenda mkutanoni, na aliporudi alipitia karakana. Nilikuwa nashona, mtoto yuko miguuni mwangu anachezea mabaki ya uzi. Baba alinawa mikono. Alikaa kwenye kochi lililokuwa limekwisha, jipya kabisa, la mteja, akaniambia nimpe mtoto. Nikampa. Akasema nitoke. Nikatoka, nikasimama upande wa pili wa barabara. Nilimwona kupitia mlango mpana akimshika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyepewa trei yenye glasi zilizojaa. Mtoto akamvuta sikio. Robo saa baadaye mtoto alikuwa amelala na Baba hajasogea hata kidole, na mkojo umeshapita kwenye suruali yake mpaka kwenye kitambaa cha mteja. Nimekibadilisha kitambaa chote, na sijawahi kufanya kazi ile kwa furaha kama siku hiyo.

Alipozungumza nami hatimaye, alinieleza kwamba hataki nimsafishe kupita kiasi. Alisema neno lilikuwa langu lakini mikono ilikuwa yake, na kwamba hilo la mikono atalisema mwenyewe mbele yako, siku utakayotaka, mahali utakapotaka, hata kama ni huko kwako. Amesema yuko tayari kupanda basi. Wewe na mimi tunajua safari ya saa kumi na mbili ndani ya basi, na watu wamekaa nyuma yake, ni kitu gani kwa mtu kama Baba. Ameshachagua kiti: cha mwisho kabisa, mgongo ukutani.

Mimi sikuombi unisamehe kwa posta. Hasira yako ni halali yako, ila kwa miaka tisa imekuwa ikimfikia mtu mmoja peke yake, na sehemu yake kubwa ni yangu. Nataka unipe yote uliyonayo. Ukija, uanze na mimi. Nitakukalisha kwenye kochi zuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza, na utanisema mpaka uchoke, nami sitamwiga mtu yeyote wala kufanya mzaha. Ukipenda tuje sisi, andika siku tu. Ukinyamaza pia nitaandika tena mwezi ujao, na ujao, maana mimi nikishika kazi siiachi nusu.

Mama anakusalimu, na amesema niandike kwamba amekukosea, kwa maneno hayo hayo, bila kuyapamba. Baba anakusalimu na anauliza kama mkono unakuuma wakati wa baridi. Mpwa wako anaisalimu picha yako kila asubuhi.

Kuna jambo la mwisho, nalo naliandika kama shahidi, kwa sababu siku ile shahidi alikuwa mmoja tu na alinyamaza. Ulipiga hodi, mdogo wangu. Ulipiga mara mbili, kwa sauti, ukasubiri. Ukakaribishwa ndipo ukaingia. Nilikusikia.

Ndimi dada yako.